Eti "Nina Uwezo wa Kufanya Kazi na Watu wa Aina Zote": Umejuaje?

Leo naomba tuongee kuhusu sentensi moja ambayo ipo kwenye sivii ya karibu kila kijana ninayemfahamu. Nimechapa sivii za watu pale steshenari ya jirani, kwa hiyo naongea kitu nilichokiona kwa macho yangu. Jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, halafu ukifika chini kabisa unaikuta imekaa: "Mimi ni mchapakazi, nina uwezo wa kufanya kazi na watu wa aina zote na naweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Haibadiliki hata nukta. Aliyeitunga nadhani alishastaafu na wajukuu anao. Teh teh.

Sasa swali langu ni dogo tu. Umejuaje?

Maana ukiandika una cheti cha kidato cha nne, cheti kipo. Ukiandika unajua kuendesha gari, leseni ipo. Hilo la "watu" umelipima na nini? Wengi wetu tukibanwa tutasema sisi ni wacheshi, hatugombani na mtu, mtaani kila mtu anatusalimia. Basi tunajiwekea tiki wenyewe tunasonga mbele. Mimi nasema hapana. Uchangamfu ni kitu kimoja na kuweza kufanya kazi na watu ni kitu kingine, na hicho cha pili hakipimwi ukiwa peke yako mbele ya kioo.

Kwa nini nalivalia njuga jambo hili? Kwa sababu kazi unaweza kuipata kwa cheti, kwa mjomba au kwa bahati, lakini kubaki nayo ni habari nyingine. Na hapa Tanzania Bara kuna kitu vijana wengi hatuambiwi siku ya kwanza. Ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mfanyakazi asiachishwe kazi isivyo haki, sawa, lakini sehemu hiyo ya ulinzi haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo. Yaani miezi yako 6 ya mwanzo, ambayo bado hujui chai inanyweka saa ngapi na nani hapatani na nani, ndiyo miezi ambayo mwajiri anaweza kukuambia "asante, tutakupigia" na wewe huna pa kushika. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wazee walisema. Halafu kinachoondoa watu miezi hiyo mara nyingi siyo kwamba kazi imewashinda. Ni namna wanavyoishi na wenzao pale.

Turudi kwenye kupima. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell kule Marekani, David Dunning na Justin Kruger, walichapisha utafiti ambao ukiusoma unacheka halafu unanyamaza. Waliwapa wanafunzi majaribio ya mantiki, ya sarufi ya Kiingereza na ya kutambua kichekesho kizuri na kibovu, halafu wakawauliza kila mmoja anadhani amewazidi wenzake wangapi. Wale wa robo ya mwisho, ambao kwa wastani waliwazidi watu 12 tu kati ya 100, wao walijiona wamewazidi 62! Hoja ya watafiti ilikuwa kwamba ujuzi unaouhitaji ili ufanye kitu vizuri ndiyo huohuo unaouhitaji ili ujue kama umekifanya vibaya. Kama huna, huna vyote viwili. Hawakupima mahusiano ya kazini, nikiri hilo, lakini fikiria: kama mtu anajidanganya kwenye sarufi yenye jibu moja, itakuwaje kwenye suala la "mimi naongea na watu vizuri"? Nyani haoni kundule, tunasema kila siku, ila tukisema huwa tunamfikiria nyani mwingine.

Kuna chombo kimoja kizuri sana cha kujipimia, kinaitwa Dirisha la Johari. Wengi wakilisikia wanadhani ni Kiswahili, johari kama ile ya vito vya thamani. Wala. Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harrington Ingham, walilichora, wakachukua Joe na Harry wakaunganisha likawa jina. Chora mraba, ukate vyumba vinne. Cha kwanza ni yale unayoyajua kuhusu wewe na wenzako wanayajua. Cha pili ni unayoyajua wewe tu, umeyaficha. Cha tatu ni wanayoyajua wenzako na wewe huyajui. Cha nne hakuna anayejua, si wewe si wao, yanasubiri siku yatokee.

Chumba cha kwanza na cha nne tuviache. Chumba kinachofukuzisha watu kazi ni cha tatu. Pale ndipo wamekaa "anakatiza watu wakiongea", "akikosolewa ananuna siku mbili", "kila kitu anasema sawa halafu hafanyi", "anaongea na wateja kama anawafanyia hisani". Ofisi nzima inajua. Wewe tu ndiye hujui. Na kwa mila zetu hakuna mtu atakuja kukwambia usoni, watakusema kwenye chai.

Utaingiaje humo chumba cha tatu? Ukimwendea mtu ukamuuliza "hivi unanionaje?" atakujibu "aah, uko poa tu mwanangu." Umeambulia nini? Hamna. Swali pana linapewa jibu la adabu. Uliza dogo linalojibika: "Kwenye kazi yetu hapa, kitu gani kimoja nikiacha kukifanya utafurahi?" Kimoja tu, siyo vitano. Na usimuulize rafiki yako wa kula naye. Tafuta watu watatu: mmoja aliye juu yako, mmoja mnayelingana, na mmoja ambaye kwa cheo yuko chini, mlinzi, dada wa usafi, kijana wa mzigo. Huyo wa tatu ndiye wa muhimu kuliko wote, kwa sababu mbele ya bosi wote tunajua kujipanga. Mlinzi anakuona ukiwa umechelewa, umenuniwa, una njaa.

Kama unaona aibu, au unajua hawatasema, tumia mshenga. Siyo masihara. Sisi tuna utaratibu wa karne na karne wa kupitisha maneno mazito kwa mtu wa kati, kwa nini tuuache kwenye posa tu? Tafuta mama mmoja au kaka mmoja aliyekaa pale muda mrefu, anayeheshimika na hana maneno, mwambie: "Shikamoo mama, mimi mgeni hapa, naomba ukisikia watu wanalalamika kuhusu mimi uniambie, sitauliza ni nani." Hilo la kutouliza ni nani ndiyo siri yenyewe. Siku ukiuliza tu, bomba limefungwa.

Njia nyingine, ya bure kabisa: sikiliza jina lako la utani. Ofisi zetu zina vipaji vya kutoa majina bwana! Kama unaitwa "Bwana Kesho", kama unaitwa "Msemaji Mkuu", kama ukiingia watu wanaimba "mheshimiwa kaingia", usicheke ukapita. Hayo ni matokeo ya mtihani yamebandikwa ukutani. Utani kwetu ndiyo sehemu ukweli unapopita bila kugombanisha watu.

Na ukishaambiwa, hapo ndipo kuna kazi. Neno la kwanza linalokuja mdomoni ni "hapana, unajua..." Limeze. Sema "asante, nimekusikia, nipe mfano wa siku moja." Ukipewa mfano, uandike kwenye daftari ukifika nyumbani, chagua hicho kimoja ukifanyie kazi wiki mbili, halafu rudi kwa mtu huyohuyo muulize kama ameona tofauti. Wewe kujiona umebadilika haihesabiki, tushaona pale juu wale wa 12 waliojiona 62.

Sasa tuje kwenye ujuzi wenyewe. Ukienda kwenye semina za ujasiriamali utaambiwa habari za kusimama wima, kushikana mikono kwa nguvu, kutazamana machoni. Utaambiwa pia kwamba mawasiliano ni asilimia 7 maneno, 38 sauti na 55 mwili. Hiyo namba imezunguka dunia nzima na imepindishwa. Inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambapo watu walisikilizishwa neno mojamoja likisemwa kwa sauti za namna mbalimbali na kuonyeshwa picha za nyuso, ili wakisie msemaji anampenda au hampendi anayeambiwa. Basi. Kama maneno yangekuwa asilimia 7 tu, ningeweza kwenda kuangalia filamu ya Kikorea bila tafsiri nikaielewa asilimia 93. Mnaona ilivyo?

Kwa maoni yangu, kwa kijana wa Kitanzania anayeanza kazi, ujuzi unaokosekana kuliko wote ni huu: kumwambia mkubwa jambo asilotaka kusikia, kwa wakati, na kwa heshima. Mengine yote yanafuata.

Kuna jamaa nafahamiana naye alikuwa duka moja la vifaa vya ujenzi. Mzigo wa saruji ukaja, karatasi inasema mifuko 100. Yeye alihesabu 92. Bosi alikuwa anaongea na simu, akamwambia "saini, saini, gari liondoke." Jamaa akasaini. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia yule ni mtu mzima, tena ni bosi, ningembishia vipi mbele ya dereva? Mwisho wa mwezi mahesabu yakapishana, karatasi ikatafutwa, saini ya nani? Yake. Mshahara wa mwezi ule ulikatwa na mwezi uliofuata hakuwepo. Kwa hiyo ile heshima yake ilimsaidia nani? Bosi alipoteza mifuko 8, yeye akapoteza kazi.

Msidhani ni tatizo la madukani kwetu tu. Walioteseka nalo mpaka wakalifanya somo ni watu wa ndege, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu wametusaidia sana.

Tarehe 28 Desemba 1978 ndege ya shirika la United ilikuwa inakaribia Portland, Marekani, ikiwa na watu 189. Kukawa na wasiwasi na magurudumu, nahodha akaanza kuzungukazunguka angani akilishughulikia hilo. Mafuta yakawa yanakwisha. Wenzake wawili mule chumbani waliiona hali ya mafuta, walitaja, lakini kwa chinichini, kwa namna ambayo nahodha haikumshtua. Ndege ikaishiwa mafuta ikaanguka, watu 10 wakafa. Ndege nzima ilikuwa na watu wenye taarifa, ila taarifa haikufika ilipotakiwa. Mwaka uliofuata, 1979, shirika la anga za juu la Marekani, NASA, likaitisha mkutano kuhusu mambo haya, na kuanzia mwaka 1981 United ikawa inawafundisha marubani wake jinsi ya kusemezana: mdogo ajifunze kusema, mkubwa ajifunze kusikiliza. Leo mafunzo hayo ni lazima kwa marubani wa mashirika ya ndege duniani.

Karibu na kwetu zaidi, wengi mtakumbuka ndege ya Kenya Airways iliyoanguka Douala, Cameroon, usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ikiwa inarudi Nairobi. Watu wote 114 walikufa. Iliondoka usiku kwenye hali mbaya ya hewa, ikaanza kulalia upande wa kulia kidogokidogo, na haikumaliza dakika mbili. Nahodha alikuwa na miaka 52, msaidizi wake miaka 23. Ripoti ya uchunguzi, iliyotoka mwaka 2010, ilisema marubani walipotewa na mwelekeo gizani wakashindwa kuidhibiti ndege, na kati ya mambo yaliyochangia ikataja kukosekana kwa uratibu baina ya hao wawili. Mimi sikuwepo na siwezi kumhukumu marehemu. Lakini miaka 23 na miaka 52... ni umri wa mtoto na baba yake. Kila mmoja wetu hapa anajua uzito wa kumwambia mzee "hapana" kwa sauti ya kusikika.

Na msiseme hayo ni ya kwenye ndege. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi ya ukaguzi wa upasuaji kwenye hospitali nane duniani: London, Toronto, Seattle, New Delhi, Amman, Manila, Auckland na... Ifakara! Ndiyo, Ifakara hii ya mkoani Morogoro, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Karatasi ina mambo 19 tu. Moja kati ya hayo: kabla kisu hakijagusa mgonjwa, kila mtu mule ndani ataje jina lake na kazi yake kwa sauti. Daktari bingwa, nesi, mtu wa usingizi, wote. Sababu yake ni kwamba mtu akishafungua mdomo mara moja mwanzoni, ni rahisi kuufungua tena akiona kitu kinaharibika. Matokeo ya hospitali zote nane yalichapishwa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Siyo kwa kutaja majina tu, karatasi ina mambo mengine kama kuhakikisha dawa za kuzuia maambukizi zimetolewa kwa wakati. Ila wenyewe walioitunga waliona kuongea ni sehemu ya tiba.

Sasa hao marubani wanafundishwa kusema vipi? Mtiririko wake unaweza kuuweka kichwani leo hii. Unamwita mtu kwa cheo au jina lake. Unasema kwamba una wasiwasi. Unasema ulichokiona, kwa namba kama ipo. Unapendekeza cha kufanya. Unamrudishia yeye uamuzi. Kwa yule jamaa wa saruji ingekuwa hivi: "Samahani bosi. Nina wasiwasi na huu mzigo. Karatasi inasema 100, mimi na dereva tumehesabu 92. Naomba tusisaini mpaka tuhesabu tena. Unasemaje?"

Angalia vizuri. Hakuna mahali umemwambia amekosea. Hujamvunjia heshima mbele ya dereva, umempa yeye neno la mwisho. Lakini namba imeshatoka, haiwezi kurudi. Wengi wetu tunadhani kuna njia mbili tu, kunyamaza au kubisha. Hii ni ya tatu. Akikataa, rudia mara ya pili kwa utulivu. Akikataa tena na jambo ni kubwa, mtumie ujumbe mfupi kwenye simu: "Bosi, kama nilivyokueleza, mifuko tuliyopokea ni 92." Ujumbe una tarehe na saa. Siku ya mahesabu utanishukuru.

Upande wa pili wa shilingi ni "ndiyo". Hivi mmewahi kufikiria kwamba "ndiyo bosi" kwetu haina maana ya "nimeelewa"? Maana yake ni "nimesikia sauti yako na mimi ni mtoto mwenye adabu." Bosi anaondoka akijua kazi imeeleweka, we unabaki unamuuliza mwenzako "hivi kasemaje?" Rubani akipewa maelekezo na waongozaji wa ndege hasemi "sawa", anayarudia maelekezo yenyewe ili aliyeyatoa asikie kama yamefika salama. Fanya hivyohivyo: "Kwa hiyo nipeleke mzigo Kihonda kabla ya saa nane, na nimkabidhi yeye mwenyewe, siyo kijana wake. Sivyo?" Sekunde tano. Kuna watakaokuona mzito wa kuelewa siku za mwanzo, waache, baada ya mwezi watagundua kazi zako hazirudiwi.

Kwa wateja mambo ni tofauti kidogo, na wengi wenu kazi ya kwanza itakuwa ya wateja, duka, mapokezi, uwakala wa pesa za simu. Chukua uwakala. Mama anakuja anahema, katuma pesa namba siyo. Kijana wa kwanza anasema "si nilikuuliza kama namba ni sahihi?" Kweli alimuuliza. Ana haki kabisa. Lakini katika dakika ile ambayo aliyepokea anaweza kuwa anaelekea kuzitoa, yeye anatafuta nani mwenye kosa. Kijana wa pili anasema "pole mama, hebu nione ujumbe," na huku anapiga huduma kwa wateja. Kipimo chako hapo ni rahisi: sikiliza neno lako la kwanza mteja anapokuja na shida. Ni "pole" au ni "si nilikwambia"?

Salamu nazo zina mitego yake. Shikamoo kwa mzee ni lazima, hilo halina mjadala. Ila umewahi kuona dada wa miaka thelathini na kitu, kapendeza, anapigwa shikamoo na kijana wa kaunta mwenye ndevu? Uso unabadilika. Ukiwa huna uhakika, "habari za leo, karibu" haijawahi kumuudhi mtu. Na ukipita getini asubuhi bila kumsalimia mlinzi kwa sababu unawahi kumsalimia meneja, jua kuna watu wameshaandika.

Sasa lazima niseme na hili, maana nisiposema nitaonekana nawalaumu vijana kwa kila kitu. Yapo mambo ambayo siyo upungufu wako wa kuishi na watu. Bosi asiyelipa mshahara miezi mitatu hahitaji wewe ujifunze kuongea vizuri zaidi. Mkubwa anayekutukana mbele za watu kila siku, tatizo ni lake. Na dada zangu, mtu anayetaka "muonane pembeni" ndipo upewe mkataba, hilo siyo suala la ustahimilivu wala kujua kumchukulia. Ni kosa la jinai, limetajwa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU ndiyo sehemu yake. Ukiambiwa "we hujui kuishi na watu" na mtu wa namna hiyo, tofautisha. Wale watatu uliowauliza wakisema jambo moja bila kuambiana, hilo ni lako, lifanyie kazi. Mtu mmoja mwenye shida zake akisema, hilo ni lake.

Najua kuna anayesoma hapa anasema, kaka, mi kazi yenyewe sina, nitajifunzia wapi? Jifunzie ulipo. Kuwa katibu wa kikundi, cha kwaya, cha timu ya mtaa, cha kukopeshana. Katibu analazimika kusoma mapato na matumizi mbele ya watu wakali, kumkumbusha mtu mzima deni bila kumwaibisha, kuandika mtu alichosema na siyo alichodhani amesema. Ukimaliza mwaka mmoja hapo umepita chuo. Kubali ile kazi ambayo kila mtu anaikimbia, ya kwenda kumwambia mweka hazina kwamba hesabu haziendi. Tumia mtiririko ule wa marubani, uone.

Halafu ndipo urudi kwenye ile sivii. Ifute ile sentensi ya mstaafu. Andika kitu kilichotokea: "Nilikuwa katibu wa kikundi cha vijana 18 kwa mwaka mmoja, nikisoma taarifa ya fedha kila mwezi na kufuatilia marejesho ya wanachama." Hapo hujajisifu popote, na anayesoma ameshaelewa.

Kwenye usaili nako siku hizi wanapenda kuuliza: "Tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako." Ukijibu "mimi sijawahi kugombana na mtu," umejikaanga, wanajua hujawahi kufanya kazi na watu au unaficha. Eleza siku moja ya kweli: mlitofautiana nini, ulimwambia nini kwa maneno yale yale, yeye akasema nini, mwisho ikawaje. Usimseme vibaya mwenzako hata kama alikuwa na makosa kweli, maana hao wanaokuuliza wanajiuliza utawasema wao vipi siku ukitoka. Dakika mbili zinatosha. Na kama mwisho wake yeye ndiye alikuwa sahihi, sema hivyohivyo, itawakaa kichwani kuliko ushindi.

Wadau mlioko makazini, ofisini kwenu ukitaka kumwambia mkubwa kwamba hesabu haiko sawa mnaanzaje? Naomba maneno yenyewe kabisa, hapo chini.